Habari Niliyomkatia Baba Yako

Leokadia mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi nimeshaiitikia, na hali yako naijua kwa sababu umetoka hapa sasa hivi na kiazi mkononi, kwa hiyo salamu tuziruke. Wewe umepanda juu kijijini kuaga watu. Mimi nimebaki huku chini mwaloni, ufukweni kwa wavuvi, nimekaa kwenye kivuli cha banda la jiko, kalamu yako nimeichukua bila kukuuliza, na karatasi nimezichana kwenye daftari langu la kisomo. Nyamizi yuko hapa anapepea moto wa samaki na kunichungulia. Ananiambia, "Mama Leokadia, wewe wa kukaa kimya hivyo? Unaumwa wapi?" Nimemwambia naandika. Amecheka mpaka moshi ukamwingia kooni.

Sikuandikii mambo ya kuchemsha maji, wala blanketi, wala kwamba Ngara kuna baridi. Hayo Nyamizi amekuimbia tangu siku ulipopangiwa kufundisha Kanazi, utadhani yeye ndiye aliyekuzaa. Mimi nina jambo moja tu, na nitalizunguka sana kabla sijalifikia, unanijua. Vumilia, umezoea.

Jumapili tulipotoka kanisani uliniuliza. Tulikuwa tunateremka, viatu umevishika mkononi visichakae kwa mawe. Ukasema, "Mama, ile habari ya baba iliishia wapi?" Nikajifanya sijasikia. Ukasema tena, "Mimi nitaendaje kufundisha watoto wa watu na hapa sijui la kushika? Kama baba anarudi, mimi nakaa. Mwalimu watapata mwingine." Nikakuonyesha ndege. Hata sijui ndege gani. Nilikuonyesha tu ili unyamaze.

Yaani mimi! Mimi ambaye ukininong'oneza kitu kisimani, ndoo haijajaa kimeshafika mnadani. Nikakuonyesha ndege.

Kwa mdomo sitaweza kukujibu. Nitaanza vizuri, halafu kesho lori likinguruma tu mdomo utakata wenyewe, ndivyo mwalo huu ulivyoufundisha. Karatasi haijafundishwa kitu. Ndiyo maana naandika.

Sasa sikiliza. Mimi nilikuja kuolewa hapa Kasenyi nikitokea Bisibo, kwa watu wa jembe. Ziwa nilikuwa sijaliona. Nilipoliona nikamuuliza baba yako, lile shamba la buluu ni la nani. Alinicheka mpaka tukafika nyumbani. Wewe mwalo umeukuta umeshazeeka, mafunjo yameziba nusu, lakini wakati ule ulikuwa mwalo hasa. Majiko ya kubanikia samaki yalipangana kuanzia kwenye mwamba mpaka kule mitini, kila mwanamke na jiko lake na chanja yake. Asubuhi ukitazama kutoka mlimani unaona mioshi imesimama kama watu kwenye foleni. Furu, ningu, sato, kamongo, kila kitu. Malori yalitoka Biharamulo, na watu wa Ngara walikuja kwa baiskeli, wanaondoka na matita ya samaki wakavu nyuma marefu kuliko wao. Pale unapoona sakafu ya saruji viboko wanapolala, palikuwa na banda la bati la Mhindi wa chumvi. Mwenyewe alishaondoka zamani lakini banda lilibaki, na kila mtu alikuwa na pembe yake ya kuwekea vitu. Waislamu walikuwa na msikiti wao wa nyasi, sisi kanisa letu la nyasi, na cheche za jiko langu mimi siku moja ya upepo ziliteketeza vyote viwili. Usicheke. Tulisali wote kwenye banda la chumvi kwa zamu mpaka nyasi mpya zikaota, na hakuna aliyeninunia zaidi ya wiki.

Lakini kosa langu la kwanza hapa lilikuwa kubwa kuliko moto. Asubuhi yangu ya kwanza baba yako alikuwa anasukuma mtumbwi majini. Mimi nimejifunga kitenge kipya, nimesimama ufukweni, nikapaza sauti kama tulivyofundishwa Bisibo, "Nenda salama, urudi mapema!"

Mwenzangu, wanaume wakaacha makasia. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuja mbio akanifunika mdomo kwa mkono unaonuka furu.

"Wewe mtoto wa mihogo," akasema, "unamuaga nani? Amekufa?"

"Samahani mama, nilikuwa namtakia..."

"Usimtakie!"

Baba yako akatoka majini. Wenzake wote wakatoka. Siku ile hakuna mtumbwi uliokwenda, mwalo mzima ulilalia ugali mkavu kwa sababu ya adabu yangu.

Jioni bibi yako akanikalisha jikoni akaniambia. Mtu wa majini haagwi. Haulizwi anarudi lini. Mtu wa majini anakatiwa habari. Unaanza kumwambia kitu kitamu, cha jirani, cha kanisani, chochote, na pale utamu unapofika juu unafumba mdomo unarudi kwenye moto wako. "Yeye huko majini itamwasha," bibi yako akasema. "Atarudi kukunwa."

Leokadia, mimi shule sikusoma, lakini siku ile nilijua nimefika shuleni kwangu. Wanawake wengine walikuwa wanakata ovyo tu, "leo nimeona kitu," basi, na mume anaondoka bila hata kugeuka. Mimi nilikata kama fundi. Wanaume walianza kusukuma mitumbwi yao karibu na jiko langu makusudi.

"Mke wa katekista," nasema, "mnajua amekutwa na nini kwenye kikapu cha sadaka?"

"Na nini?"

"Sukumeni mitumbwi."

"Shemeji! Na nini?"

"Samaki hawaji wenyewe."

Wanaondoka wananitukana, na asubuhi ya pili, kabla hata hawajashusha samaki, wanapiga kelele kutoka mbali, "Na niniii?" Alikutwa na paka. Amelala humo, amejaa.

Si kwamba wote walirudi. Ziwa ni ziwa. Na hapa ndipo nataka uweke sikio. Mtu asiporudi, ile habari yake aliyokatiwa haimaliziwi na mtu yeyote. Haulizi mtu. Inakaa kwa mke au kwa mama, hivyo hivyo nusu, mpaka siku yeye mwenyewe akiona sasa basi. Anasimama, anageukia maji, anaimalizia kwa sauti. Ndipo watu wanajua amekubali, wanakuja kumlilia vizuri, msiba unaanza na kwisha. Nimeona wanawake wawili watatu wakifanya hivyo. Mmoja habari yake ilikuwa ya mbuzi aliyekula cheti cha ubatizo. Aliisema yote mpaka mwisho analia, na sisi tunalia, habari ya mbuzi.

Sasa umeanza kuona kwa nini nilikuonyesha ndege.

Baba yako alikuwa na mtumbwi wake, jina lake Usiniulize. Uliupanda ukiwa mgongoni kwangu, hukumbuki. Aliutengeneza mwenyewe kwa mbao za mvule, akaziba kwa pamba na lami, akaandika jina kwa rangi nyeupe kwa mkono wake, herufi zinapanda na kushuka kama nzige. Aliuongelesha. Mimi nikimwambia kitu anasema "mm," mtumbwi akiugonga kwenye jiwe kidogo anasema "pole, pole baba." Niliona wivu kabisa. Nilimwambia angeuoa huo. Akasema huo hauna mdomo.

Halafu ikaja Operesheni. Hiyo unaikumbuka, ulikuwa umeshajua kukimbia. Malori yalikuja na mgambo, wakatuambia watu wote waende juu barabarani, kijiji cha ujamaa. Paa ziliezuliwa ili mtu asirudi. Bibi yako alikataa kupanda lori mpaka chanja yake ipande kwanza, mgambo wawili wakaibeba wananuka moshi, anawaelekeza kama ni malkia. Tukafikishwa huko tukapangwa mistari kama vitunguu. Sisemi kijiji kilikuwa kibaya chote. Zahanati tulipata, shule uliyosomea ni ya huko, na kisomo cha watu wazima ni cha huko, bila hicho ungeletewa leo karatasi tupu. Lakini watu wa samaki walipewa majembe. Baba yako alikuwa akilima tuta moja anageuka kutazama ziwa, anarudi, tuta moja, anageuka. Pamba yake iliota imepinda yote kuelekea huko. Bibi yako alifia kule, hakushuka tena.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Petro. Na yeye alikuwa mvuvi wa hapa hapa Kasenyi, jiko la mke wake lilikuwa la pili kutoka kwangu, lakini alipopewa uenyekiti akapewa na filimbi, na ile filimbi ilimwingia. Filimbi ya shambani, filimbi ya mkutano, filimbi ya kisomo. Watoto mlimwita Mzee Filimbi, mimi ndiye niliyeanzisha.

Ikaja amri kwamba mitumbwi yote sasa ni ya kijiji, na wageni watakuja kuikagua, halafu itapelekwa kwenye mwalo mkubwa mbali huko ivue pamoja na ya vijiji vingine. Asubuhi ya ukaguzi tukashuka wote. Mitumbwi imelazwa ufukweni, imepangwa. Usiniulize haupo.

Mzee Petro alipiga filimbi mpaka mishipa ikamtoka. "Ndugu Laurian! Mtumbwi uko wapi?"

"Ndugu Mwenyekiti, mimi ndiye wa kukuuliza wewe."

"Unanijibu hivyo mbele ya wageni?"

"Nikujibuje? Nimeuacha hapa jana mchana. Umenihamisha mlimani, nitauchungaje?"

Walitafuta kwenye mafunjo kwa fito, walitafuta mpaka ng'ambo ya rasi. Baba yako akakalishwa ofisini siku nzima, anaulizwa umeuza kwa nani. Mitumbwi mingine ilikwenda, haikurudi. Nasikia ililazwa juani huko, hakukuwa na nyavu za kuitosha, ikapasuka mbao ikawa kuni.

Tangu siku ile baba yako alibadilika. Alimtazama kila mtu kama mwizi, hata mimi wakati mwingine. Baadaye tuliporuhusiwa kushuka kwa zamu kuvua, na wachache tukarudi kukaa huku huku, akavua kwa mtumbwi wa kijiji ulioletwa baadaye, unavuja, amekaa mbele kimya. Nilimkatia habari tamu tamu. Hakuuliza mwisho wake. Anarudi, anashusha samaki, analala. Ungejua hilo linavyouma kwa mtu kama mimi. Bora mume akupige makelele.

Ikaja vita. Redio ya kijiji ikatangaza, wanaume wakaanza kukimbia asubuhi kwa mstari wanaimba, bunduki zao fimbo. Ziwani karabai zikapigwa marufuku, hakuna taa majini, na majiko yetu tukaambiwa yazimwe jua likielekea kutua. Dagaa bila taa hawaji. Mwalo uliokuwa umeanza kupumua tena ukazimika kama moto uliomwagiwa maji. Na baba yako akachaguliwa kwenda. Hakulalamika. Alisema huko angalau atavuka mto.

Asubuhi ya lori nilikwenda kisimani kwanza, ili nipate maji ya kumwogesha. Kisimani mtu alinishika mkono. Ni nani nitakwambia chini. Alilia, akasema, "Siwezi kumwacha aende hivi. Usiniulize haukupotea." Akaniambia uko wapi na nani aliuficha. Ndoo niliitupa. Nilikimbia nimeinua kitenge mpaka magotini, napiga kelele njia nzima, mbuzi wanatawanyika.

Walikuwa wameshapanda. Baba yako amekaa pembeni, kofia si yake, imemfunika masikio.

"Laurian! Usiniulize haujapotea! Najua uko wapi! Na aliyeuficha namjua!"

Alisimama. Leokadia, ulikuwepo, umeshika bodi la lori, unakumbuka alivyosimama? Kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Uko wapi?"

Na lori likanguruma. Likakohoa, likazimika. Wanaume wakashuka kusukuma, wakapanda tena. Nataka ujue hilo, kwa sababu nimelificha kwa watu wote wanaonionea huruma. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema mara mbili, na kurudia kwa wenye masikio mazito. Mdomo ulifunguka kusema, na nikamsikia bibi yako, mkono wake unanuka furu, umenifunika. Huyu anaondoka. Anayeondoka hapewi yote.

Nikasema, "Njoo uambiwe!"

Lori zima likacheka. Yeye alicheka kuliko wote, cheko lile la zamani, mkono juu ya kofia isiruke. "Wewe mwanamke!" akapiga kelele. "Nani? Walau niambie nani!" Vumbi likamchukua anauliza hivyo. Na mimi, mjinga, nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilisema nimemfunga kwa kamba nzuri.

Vita vilipokwisha malori yalirudi. Tulikwenda kupokea, wewe na mimi, tumevaa vizuri. Watu wanashuka, nawataja mmoja mmoja, huyu amenenepa, huyu amekuwa na ndevu. Lori likaisha watu. Ofisini wakasema hawana habari zake, tusubiri. Tukasubiri, ndiyo kazi tunayofanya mpaka leo.

Kitu ambacho hukijui ni hiki. Yule kijana wa Bisibo aliyekuja siku ile na kilema cha mkono, ukamkaangia sato, nikakutuma chumvi kwa Nyamizi. Nilikutuma makusudi. Alikuwa na baba yako. Alisema wakipumzika, baba yako aliwaambia wote ile nusu, na ikawa mchezo wa kikosi. Kila mtu anabuni mtumbwi umefichwa wapi. Mmoja anasema umepakwa rangi nyingine, mwingine anasema umefukiwa mchangani, mwingine anasema mke wako ndiye kauficha, wakacheka. Baba yako anasema, "Mimi lazima nirudi, mwenzenu nimekatiwa habari." Kisha siku moja walitenganishwa, kundi lao likavuka na la huyu kijana likabaki, na waliovuka na baba yako hawakuonekana tena. Alinieleza hivyo amekodolea macho sahani. Alipomaliza kula akasema, "Mama, shikamoo tena. Nilitaka tu kujua. Ulikuwa wapi ule mtumbwi?"

Sikumwambia. Mtoto wa watu ametembea na mkono mbovu kutoka Bisibo, nikamwambia, "Mwenyewe atakapokuja." Alinitazama. Aliondoka na samaki wawili na swali lake.

Kwa hiyo mimi, redio ya kata nzima, nina habari moja ambayo sijamwambia mtu. Kijijini wanadhani sina kitu kinachokaa tumboni. Hicho kimekaa. Na wewe umekua juu yake, ukivuta maji na kunisaidia kubanika, na kila lori likipita barabarani kule juu nakuona unasimama na kusikiliza kama linapunguza mwendo. Nilidhani nimemfunga baba yako. Kumbe kamba ilikuwa ndefu, ikakufunga wewe mguu.

Ngoja niinuke kidogo.

Nimerudi. Nyamizi analia, usimuulize kesho kwa nini, nakwambia mwenyewe. Nilikwenda mpaka maji yakanifika vifundoni, nikaimaliza. Nimeisema kwa sauti, yote, kwa Laurian. Nyamizi aliacha kupepea, akavua kanga kichwani, akaja akasimama nyuma yangu. Samaki wa upande mmoja wameungua. Sasa nakuandikia wewe kama nilivyomwambia yeye.

Aliyeuficha ni Mzee Petro. Huyo huyo mwenye filimbi. Alijua mitumbwi ile ikienda hairudi, na mingine yote asingeweza kuiokoa, akaokoa mmoja. Jioni ya kuamkia ukaguzi alishuka peke yake, akaujaza mawe Usiniulize, akauzamisha. Mbao za mvule zikikaa chini ya maji haziozi wala hazipasuki, wavuvi wote wanajua. Akachagua huo kwa sababu bibi yako alimpakia humo mke wake siku ya dhoruba, akiwa na uchungu wa mtoto, wakamwahisha kwa mkunga ng'ambo. Halafu asubuhi akapiga filimbi kuliko siku zote ili asishukiwe. Aliyenishika mkono kisimani ni huyo mke wake.

Uko wapi? Pale kijito kinapoingia ziwani, chini ya mwamba wa kufulia. Mafunjo yameufunika. Umefua sare zako za shule juu yake miaka yote, mwanangu. Miguu yako ilikuwa ikining'inia juu yake.

Baada ya vita nilimfuata Mzee Petro. Ameshakuwa mzee, filimbi ameiacha kwa mwingine. Nilimwambia, "Kwa nini hukumwambia mwenyewe? Alikaa miaka na ile chuki. Kwa nini hukumnong'oneza tu?"

Alikuna mguu muda mrefu. Akasema, "Mama Leokadia, nilitaka. Lakini Laurian angekwambia wewe."

Basi. Nimetukanwa sana maishani kwa ajili ya mdomo huu na nimejibu kila mara, hiyo nimeshindwa. Mara ya kwanza baba yako alikosa kujua kwa sababu mimi sijui kunyamaza. Mara ya pili alikosa kujua kwa sababu nilinyamaza. Nikiwaza hivyo peke yangu huku mwaloni hucheka kidogo, halafu cheko huniisha.

Najipa moyo kwamba angalau alijua upo. Aliondoka anajua upo mahali. Nusu ile ilimpa cheko, nililiona mwenyewe. Siku nyingine inanitosha, siku nyingine haitoshi.

Kwa hiyo nimekujibu. Baba yako harudi, Leokadia. Nimeliandika, na mkono haukuanguka. Huna wa kumsubiri barabarani. Kanazi nenda, kafundishe, na wenye shule wakitaka ukae, kaa.

Mimi usinihesabie. Mzee Petro anakuja kesho kutwa na vijana wake tuutoe mtumbwi, tutaulaza kivulini na kuufunika nyasi mbichi usipasuke, halafu utavua. Atakayeuchukua sijui bado. Nyamizi pamba ikishauzwa anakwenda kwa mwanawe Shinyanga, ameniambia jana akidhani nitalia, nikamtania mpaka akakasirika. Jiko litakalobaki linatoa moshi hapa ni langu. Viboko wanakuja jioni, wanakaa kwenye sakafu ya Mhindi, masikio wanayo madogo lakini wanasikiliza vizuri kuliko katekista, tatizo hawaulizi "na nini?"

Hii barua nitaiweka chini kabisa ya kikapu, chini ya samaki, uikute umeshavuka Biharamulo. Itanuka. Kesho kwenye lori utaona nimesimama mdomo umefungwa, na watu watasema leo Mama Leokadia amepatwa na nini. Usisubiri nikukatie kitu. Nilikuwa nimekuandalia moja tamu, ya mwalimu mkuu wako mpya, nimeipata kwa dereva, na mkono ulikuwa umeshaanza kuikata hapa hapa kwenye karatasi. Basi naimaliza: anafuga bata ofisini. Ni hiyo tu. Sina nyingine niliyobakiza.

Ukija likizo utanikuta. Usipokuja, hujanikosea.

Nililolisema asubuhi yangu ya kwanza hapa na kufunikwa mdomo, bibi yako hayupo wa kunifunika tena. Sasa nalisema, lile la mwanzo tu, la pili nimelibakisha kwangu.

Nenda salama.

Mama yako,
Kasenyi, kwenye jiko